Bamba la Kidevu na Historia ya Ukame: Utambuzi wa Mabuu wa Visubi Wasiouma kwa Maumbile Yao, Kuanzia Linnaeus hadi Ziwa Naivasha

1.0 Utangulizi

Mwaka 2000 jarida la Nature lilichapisha makala ya Dirk Verschuren, Kathleen Laird na Brian Cumming kuhusu mvua na ukame katika Afrika Mashariki ya ikweta kwa muda wa miaka 1,100. Ushahidi wao ulitolewa katika mashapo ya kreta ya Crescent Island, pembezoni mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya. Waandishi hao walidai kwamba kati ya takriban mwaka 1000 na 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko ilivyo leo. Kwamba kuanzia 1270 hadi 1850 ilikuwa na maji mengi kwa jumla. Na kwamba kipindi hicho cha neema kilikatizwa mara tatu na ukame mkali, yaani 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840. Hawakuishia hapo. Waliviweka vipindi hivyo sambamba na masimulizi ya mdomo yanayohusu njaa, uhamaji na misukosuko ya tawala katika eneo la maziwa makuu. Tangu hapo ni nadra kukuta andiko la historia ya awali ya eneo hili linalogusia hali ya hewa bila kuitaja Naivasha.

Ushahidi wenyewe ulikuwa wa aina tatu: tabaka za mashapo, maganda ya diatomu, na vichwa vya mabuu wa visubi. Insha hii inahusu aina ya tatu. Swali lake ni la kihistoria zaidi kuliko la kibiolojia: ilikuwaje ganda la kichwa cha mdudu, lisilofikia milimita moja kwa upana, likaweza kupewa jina, na jina hilo likaaminiwa kiasi cha kuingizwa katika historia ya watu? Wanahistoria wetu wamezoea kuyahoji masimulizi ya wazee kwa ukali unaostahili. Hawajazoea kuuhoji ushahidi wa maabara kwa kipimo hichohicho, na sababu kubwa, kwa maoni ya mwandishi, ni kwamba hawajui majina hayo ya kisayansi yametoka wapi.

Neno moja kuhusu istilahi. Kiswahili hakina jina lililozoeleka la familia ya Chironomidae. Usubi katika matumizi ya kawaida ni mdudu mdogo aumaye. Kwa hiyo insha inatumia "visubi wasiouma", ingawa maneno hayo yana ukinzani fulani ndani yake. Kwa hatua ya ukuaji inayofuata yai, neno kiluwiluwi limezoeleka kwa mbu na kwa chura vilevile. Hapa limetumika neno buu.

2.0 Kinachoangaliwa katika buu

Familia hii ina zaidi ya spishi 5,000 zilizokwisha kupewa majina, nao mabuu wake wamo karibu katika kila maji: mito, mabwawa, maziwa yenye chumvi, hata mashimo ya miamba yanayokauka. Kila buu hupitia hatua nne, akijivua ganda mwishoni mwa kila moja, na vitabu vya utambuzi karibu vyote vimeandikwa kwa ajili ya hatua ya nne. Mwili ni mrefu na mwembamba, wenye jozi moja ya miguu bandia nyuma tu ya kichwa na jozi nyingine mwishoni, yote ikiwa na kulabu ndogondogo. Baadhi yao ni wekundu kwa sababu ya himoglobini iliyomo katika damu yao, jambo ambalo Ray Lankester wa Uingereza alilithibitisha katika karne ya 19. Wekundu huo ndio uliowavutia watazamaji wa kwanza, lakini kwa utambuzi hauna thamani kubwa: spishi nyingi zinao, na buu akiwekwa katika pombe hupauka.

Cha thamani ni kichwa. Kimefunikwa kikamilifu na ganda la kitini, yaani dutu ngumu inayojenga maganda ya wadudu, wala buu hawezi kukirudisha ndani ya kifua kama wafanyavyo mabuu wa Tipulidae. Mtafiti hukichemsha kichwa katika alkali ili nyama itoke, akakilaza kifudifudi au chali juu ya kioo, kisha akakitazama kwa hadubini iliyokuza mara mia kadhaa. Ulazaji huo si jambo dogo, kwani kichwa kilicholala ubavu huficha karibu kila kitu. Upande wa chini, nyuma ya kinywa, kuna bamba lenye meno ambalo wataalamu huliita mentamu, neno la Kilatini lenye maana ya kidevu. Idadi ya meno hayo, kama jino la katikati ni moja au limegawanyika, kama meno ya pembeni yanashuka sawasawa au kwa kuruka: hayo ndiyo maswali ya mwanzo ya karibu kila ufunguo wa utambuzi.

Familia ndogo hutenganishwa kwa urahisi wa kutosha. Katika Chironominae, mentamu imepakana na mabamba mawili ya pembeni yaliyochorwa mistari kama upepo wa ukindu. Katika Orthocladiinae mabamba hayo ni madogo au hayapo, na yakiwepo hayana mistari. Tanypodinae, ambao wengi wao ni wawindaji, wana kiungo kama ulimi wenye meno machache, na papasi zao zaweza kurudishwa ndani ya kichwa. Kundi la Tanytarsini, lililomo ndani ya Chironominae, hutambulikana kwa papasi ndefu zilizosimama juu ya vinara. Ugumu huanzia chini ya hapo, mtu anapotaka kufika kwenye jenasi na hasa spishi. Hapo hutazamwa vinywele vya mdomo wa juu, vichanuo vidogo vilivyo nyuma yake, meno ya mataya, uwiano wa vipingili vya papasi. Tena meno husagika. Buu aliyeishi katika mchanga wa punje kubwa anaweza kuwa na mentamu iliyolika mpaka jino lililogawanyika likaonekana moja, na mwanafunzi asiye na uzoefu akampa jina la ndugu yake.

3.0 Majina yaliyotangulia mabuu

Katika elimu hii jina lilikuja kwanza, tena kwa mdudu mzima, na buu akafuata nyuma. Réaumur, katika juzuu zake kuhusu wadudu zilizochapishwa Paris kati ya 1734 na 1742, aliwaeleza mabuu wa majini kwa makini ya kustaajabisha, lakini alikuwa mwanzilishi asiye na mfumo wa majina. Linnaeus ndiye aliyeleta mfumo, na mwaka 1758 kisubi mkubwa wa maziwa ya Ulaya aliingizwa humo kwa jina la Tipula plumosa, kutokana na papasi za dume zilizo kama manyoya. Johann Wilhelm Meigen, Mjerumani aliyejifunza wadudu kwa juhudi zake mwenyewe, aliigawa Tipula. Mwaka 1803 alitoa jina Chironomus, lililotokana na neno la Kigiriki la mtu anayecheza kwa ishara za mikono, kwa sababu kisubi aliyetua huinua miguu yake ya mbele na kuitikisa.

Bahati mbaya ni kwamba miaka mitatu kabla yake, 1800, Meigen huyohuyo alikuwa amechapisha kijitabu chenye majina mengine kwa makundi yaleyale, na kijitabu hicho kikasahauliwa. Friedrich Hendel alikifufua mwaka 1908. Kwa kanuni ya kutangulia, Chironomus ilipaswa kuwa Tendipes, na familia nzima Tendipedidae. Wengine walikubali, wengine wakakataa. Townes nchini Marekani mwaka 1945 na Chernovskii katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1949 waliandika Tendipedidae; Waingereza wengi waliendelea na Chironomidae. Tume ya kimataifa ya majina ya wanyama ilikizima kijitabu cha 1800 mwaka 1963. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne, basi, mtafiti aliyesoma orodha ya wadudu wa ziwa fulani alilazimika kwanza kujua mwandishi wake alikuwa wa kambi gani. Athari yake bado ipo kwa yeyote anayefukua maandiko ya zamani.

Mabuu wenyewe walibaki kuwa jambo la anatomia. Kazi kubwa ya wakati huo ni kitabu cha Miall na Hammond kilichochapishwa Oxford mwaka 1900, ambacho humfuata Chironomus mmoja tangu yai hadi mdudu mzima. Ni kitabu kizuri, na michoro yake bado hutazamwa. Lakini kinamhusu mdudu mmoja. Hakimsaidii mtu mwenye ndoo ya tope lenye mabuu wa spishi thelathini.

4.0 Padre wa Bitche na mwanasayansi wa maziwa

Mtu aliyekuwa na ndoo hiyo ni August Thienemann. Kabla ya kupewa uongozi wa kituo cha Plön kaskazini mwa Ujerumani mwaka 1917, alifanya kazi Münster, na kuanzia 1910 alichunguza maziwa ya kreta za volkeno katika nyanda za Eifel. Alichokiona huko kilibadilisha elimu ya maziwa. Katika maziwa yenye kina kirefu kama Pulvermaar, linalofika takriban mita 70, maji ya chini yalibaki na oksijeni hata wakati wa kiangazi, na sakafu yake ilikaliwa na mabuu wa Tanytarsus. Katika maziwa ya kina kifupi yenye mimea mingi ya maji, oksijeni ya chini iliisha, na waliobaki ni Chironomus wekundu, wenye himoglobini ya kuwawezesha kustahimili. Akayapa maziwa majina ya wadudu hao: maziwa ya Tanytarsus na maziwa ya Chironomus. Einar Naumann wa Uswidi alikuwa akifikia mgawanyo unaokaribiana kwa kuanzia na mwani na virutubisho, na mwaka 1922 wawili hao walianzisha huko Kiel jumuiya ya kimataifa ya elimu ya maziwa.

Mgawanyo huo ulisimama juu ya utambuzi wa mabuu. Anayekosea buu amekosea ziwa. Hapa ndipo Thienemann alipokutana na tatizo ambalo ndilo kiini cha insha hii. Alikuwa na mabuu. Majina yalikuwa ya wadudu wazima. Njia ya kuyaunganisha ilikuwa moja tu: kumtenga buu mmojammoja katika chupa, kumlisha, kungoja ajivue na kuwa pupa, kungoja tena kisubi atoke, kisha kuhifadhi pamoja ganda la buu, ganda la pupa na mdudu mzima vya mnyama huyohuyo mmoja. Ni kazi ya subira. Chupa nyingi huvunda, mabuu wengi hufa, na kisubi anayetoka usiku hufa kabla ya kupambazuka na kuoza juu ya maji.

Visubi waliopatikana Thienemann aliwapeleka kwa Jean-Jacques Kieffer, padre na mwalimu wa shule huko Bitche, Lorraine, mji uliokuwa ndani ya mipaka ya Ujerumani hadi 1918. Kieffer aliyafanya hayo yote kwa muda wake wa ziada, na idadi ya spishi alizozipa majina kabla ya kufariki mwaka 1925 ni kubwa mno. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Aliangalia mabawa, papasi na miguu, akaunda jenasi mpya kwa tofauti ambazo wengine waliziona ndogo, na vielelezo vyake vingi havijulikani vilipo. Ni rahisi kumlaumu, na waliomfuata walifanya hivyo kwa wingi. Hata hivyo mwandishi anaona lawama hiyo imezidi. Bila Kieffer, Thienemann angebaki na mabuu wenye namba tu; na bila mabuu wa Thienemann, kazi ya Kieffer ingebaki orodha ya mabawa.

Ushirikiano ulizaa mgogoro. Thienemann na wenzake, hasa Jan Zavřel wa Brno, waliona kwamba mabuu na mapupa walijipanga katika makundi yasiyolingana na makundi ya Kieffer. Je, mfumo upi ni wa kweli? Thienemann alitetea hatua za awali kwa nguvu. F. W. Edwards wa jumba la makumbusho la London, katika kazi yake ya 1929 kuhusu visubi wa Uingereza, aliegemea viungo vya uzazi vya dume, na makundi yake yalikaribia zaidi yale ya mabuu kuliko yalivyokaribia ya Kieffer. Suluhu kamili ilipatikana polepole sana. Lars Brundin wa Uswidi, katika andiko lake la 1966 kuhusu visubi wa mabara ya kusini, alitumia hatua zote za maisha kwa pamoja chini ya nadharia ya nasaba, na baada yake ilikuwa vigumu kwa mtu makini kurudi kwenye hatua moja pekee. Thienemann mwenyewe alikuwa amefunga hesabu yake mwaka 1954 kwa kitabu cha kurasa 834 kilichoitwa Chironomus.

5.0 Mirija, kromosomu na mipaka ya jicho

Katika kituo cha Plön, Friedrich Lenz alijaribu kuwapanga mabuu wa Chironomus kwa mirija ya tumboni. Karibu na mwisho wa mwili wengi wana jozi mbili za mirija laini. Wengine ni mirefu na imekunjamana, wengine mifupi, wengine hawana kabisa, hasa wale wa maji ya chumvi. Aina zake, kama vile plumosus, thummi, reductus na salinarius, ziliendelea kutumiwa kwa miaka mingi, kwa kuwa zilionekana wazi hata kwa kioo cha mkono.

Lakini kulikuwa na hakimu mwingine ndani ya buu huyohuyo. Mwaka 1881 Balbiani alieleza nyuzi kubwa zenye mikanda katika tezi za mate za Chironomus. Zilipokuja kueleweka kuwa ni kromosomu zilizonenepa, ikawezekana kuisoma mikanda yake kama mtu asomavyo maandishi. Keyl na Keyl walitoa mwaka 1959 utambuzi wa Chironomus wa Ulaya kwa kromosomu, na ikadhihirika kwamba mabuu wasiotofautishika kwa kichwa wala kwa mirija walikuwa spishi mbalimbali zisizochanganya mikanda yao. Kwa jenasi ambayo familia nzima imepewa jina lake, jicho lilikuwa limefika mwisho wake. Jambo hilo litarudi tutakapofika Naivasha, kwa sababu kilichobaki katika mashapo hakina tezi za mate, hakina mirija, mara nyingi hakina hata papasi.

Kuhusu vitabu vya utambuzi vya nusu ya pili ya karne ya 20 yatosha kusema machache. Kila shule ilikuwa na istilahi zake, kiasi kwamba bamba la kidevu lilikuwa na majina kadhaa. Ole Sæther, aliyefanya kazi Bergen, alitoa mwaka 1980 faharasa ya istilahi iliyokubalika karibu kote. Na mwaka 1983 Wiederholm alihariri funguo za mabuu wa ukanda wote wa kaskazini mwa dunia. Kitabu hicho ndicho kilichoko juu ya meza za maabara nyingi za Afrika hadi leo. Ikumbukwe kwamba Afrika kusini mwa Sahara haimo katika eneo lake.

6.0 Afrika: mawingu ya ziwani na orodha ya wadudu wazima

Wakazi wa maziwa makuu waliyajua makundi ya visubi muda mrefu kabla ya taksonomia. David Livingstone, katika kitabu chake cha 1865, aliyaeleza mawingu yaliyosimama kama moshi juu ya Ziwa Nyasa, na mikate ya kungu ambayo watu waliitengeneza kwa wadudu hao. Waliomsoma kutoka mbali waliwachukulia kuwa kundi moja. Sivyo. Kungu wa Nyasa kwa sehemu kubwa ni Chaoborus, ambaye Edwards alimpa mwaka 1930 jina la Chaoborus edulis, yaani anayelika. Naye si wa familia ya Chironomidae. Wakiwa hewani hutofautishwa na mtaalamu tu. Wakiwa mabuu hata mtoto angewatofautisha: buu wa Chaoborus ni mwangavu kama kioo, ana vifuko vya hewa vinavyomwezesha kuelea, hana miguu bandia, na hukamata mawindo kwa papasi zake. Huu ni mfano mzuri wa mahali ambapo buu husema wazi kile ambacho mdudu mzima hukificha.

Hata hivyo elimu ya visubi wa Afrika ilijengwa kwa wadudu wazima. Kieffer aliandika mwaka 1913 kuhusu visubi walioletwa na safari ya Alluaud na Jeannel ya Afrika Mashariki ya 1911–1912, naye aliendelea na wadudu wa Afrika ya ikweta hadi miaka yake ya mwisho. Paul Freeman wa London alikusanya na kusahihisha yote katika sehemu nne zilizotoka kati ya 1955 na 1958. Kazi yake ni msingi usioepukika, lakini ni msingi wa mabawa na viungo vya uzazi vya dume. Ulaya ilikuwa na Plön, na chupa za Plön. Afrika Mashariki haikuwa na kituo cha namna hiyo chenye kazi hiyo pekee.

Uchunguzi uliokaribia zaidi ni ule wa W. W. Macdonald katika Ziwa Victoria, uliochapishwa 1956. Yeye alitaka kujua domodomo, samaki Mormyrus kannume, anakula nini topeni, na jibu lilikuwa mabuu. Alionyesha pia kwamba baadhi ya visubi huibuka kwa wingi kwa kufuata mwezi, hasa siku chache baada ya mwezi kuandama, jambo ambalo mvuvi yeyote wa pale angeweza kumwambia. Ni kazi ya ikolojia yenye thamani, na iliwalazimu watafiti kuwagusa mabuu. Haikutosha kuwa ufunguo wa bara zima.

7.0 Naivasha, na mnyororo wa wapokezi

Sasa tunaweza kurudi kwenye kreta. Ziwa Naivasha lina maji baridi ingawa halina mto wa juu ya ardhi unaotoka. Kina kinaposhuka sana, kreta ya Crescent Island hutengwa na ziwa kubwa na chumvi yake huongezeka. Visubi wa maji baridi hupungua, wanaostahimili chumvi hushika nafasi. Vichwa vyao huanguka topeni na kitini haiozi upesi. Miongoni mwa wanaohesabiwa kuwa wastahimilivu katika maziwa ya Afrika Mashariki ni Kiefferulus disparilis, ambaye jenasi yake Goetghebuer aliiita kwa heshima ya padre wa Bitche, na Microchironomus deribae, aliyeelezwa na Freeman na ambaye jina lake linakumbusha maziwa ya Deriba katika Jebel Marra, Darfur. Verschuren alikuwa amechapisha mwaka 1997 taksonomia na ikolojia ya vichwa vya visubi katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 2004 yeye na Hilde Eggermont walitoa makala mawili ya utambuzi wa mabaki ya Afrika Mashariki, na mwaka 2006, pamoja na Oliver Heiri, walitumia mabaki hayo kukadiria kwa tarakimu viwango vya zamani vya chumvi katika maziwa ya Afrika.

Mwanahistoria anapaswa kuutazama ushahidi huu kama mwanazuoni wa hadithi autazamavyo mnyororo wa wapokezi: si kuuliza tu maneno yanasema nini, bali yalipokewa na nani kutoka kwa nani. Mnyororo hapa ni kama ifuatavyo. Kichwa cha mashapo kinafananishwa na kichwa cha buu wa leo. Buu wa leo ana jina kwa sababu alilelewa hadi kisubi, au kwa sababu anafanana na buu aliyelelewa kwingineko. Kisubi ana jina kwa sababu alilinganishwa na maelezo ya Freeman, Goetghebuer au Kieffer. Na jina hilo lina maana ya chumvi kwa sababu mabuu wa aina hiyo wamekutwa katika maziwa ambayo chumvi yake imepimwa.

Pete dhaifu si zile ambazo mtu angezidhania. Kwa makisio ya chumvi, jina sahihi la spishi si la lazima. Yatosha kwamba umbo fulani la kichwa litambuliwe vilevile katika mashapo na katika maziwa ya leo. Ndiyo maana wataalamu wa mabaki huandika "aina" badala ya spishi, na kwa namna hiyo makosa ya Kieffer hayawafikii. Udhaifu unaingia pale umbo moja linapobeba spishi kadhaa zenye tabia tofauti. Kwa Chironomus, ambamo hata Lenz alihitaji mirija na Keyl kromosomu, kichwa pekee kinaweza kumchanganya mkazi wa maji baridi na mkazi wa maji ya magadi. Spishi zenye vichwa vya kipekee hubeba uzito mkubwa zaidi, na katika Naivasha hazikuachwa peke yake: diatomu na tabaka za mashapo zilitoa ushahidi ambao hautegemei visubi hata kidogo. Kwa hiyo kuwapo kwa vipindi hivyo vya ukame, kwa maoni ya mwandishi, kumethibitishwa vya kutosha.

Mashaka ya mwandishi yako upande mwingine, ule ambao wasomaji wa historia huuona kuwa imara. Ulinganifu na masimulizi ulitegemea kazi ya J. B. Webster, aliyehariri mwaka 1979 kitabu kuhusu kronolojia, uhamaji na ukame katika eneo la maziwa makuu. Humo njaa kuu za masimulizi, kama ile ya Nyarubanga, zimewekewa miaka. Lakini katika kitabu hichohicho R. S. Herring alieleza namna vipimo vya maji ya Nili vya kisiwa cha Roda, Cairo, vinavyoweza kusaidia kuzipa tarehe historia za eneo hili, kwa kuwa viwango vya chini kabisa vya mto huo hutegemea kwa sehemu maji yatokayo katika maziwa ya ikweta. Kwa hiyo tarehe za njaa za masimulizi hazikutokana na vizazi vya wafalme pekee. Kwa kiasi fulani zilipangwa kwa kutazama rekodi ya maji. Tarehe hizo zinapolingana na rekodi nyingine ya maji kutoka Naivasha, ulinganifu huo unathibitisha kwamba Nili na Naivasha zilikauka pamoja. Haujathibitisha bado kwamba wazee waliosimulia Nyarubanga walikuwa wakisimulia ukame huohuo.

Kutenganisha mambo hayo mawili kunahitaji kazi ya aina mbili. Ya kwanza ni ya wanahistoria: kurudi kwenye masimulizi na kuzihesabu nasaba upya, bila kutazama Roda. Ya pili ni ya wanabiolojia wa vyuo vyetu, na haihitaji vifaa vya gharama kubwa: tope la Naivasha, la Victoria na la maziwa ya magadi, chupa, hadubini, na mtu wa kukesha kando ya chupa hizo hadi kisubi atoke. Aina nyingi zilizoelezwa katika makala ya 2004 hazina kisubi aliyelelewa kutoka ziwa la Afrika Mashariki, na hadi atakapopatikana zitaendelea kubeba jina la jenasi pamoja na neno "aina" mbele yake.